Piano Nayo Yaweza Kumlilia Mtunzi Wetu

Yako maneno yanayorudiwa na baadhi ya walimu wenzetu hapa Kampala, nayo ni haya: kwamba mtunzi wa muziki wa Kiafrika akifariki, haifai mtunzi mwenzake kumwombolezea kwa piano, kwa kuwa piano ni chombo cha wageni, na ombolezo lisilo na maneno si ombolezo. Twayapinga maneno hayo, na sababu zetu twazitoa.

Kwanza, kumlilia fundi kwa ufundi wake ni desturi yetu tangu kale. Malenga akifa, malenga wenzake humtungia shairi, wala hawatosheki na hotuba ya mazikoni. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe, Amina, huzuni yake aliitia katika vina na mizani. Basi mtunzi wa muziki alie kwa nini, kama si kwa muziki? Wenzetu wa Ufaransa walilijua hilo. Claude Debussy alifariki mwaka 1918. Desemba 1920 jarida la Paris, La Revue musicale, lilichapa nota za watunzi kumi za kumkumbuka. Miongoni mwao Paul Dukas na Béla Bartók waliandika kwa piano.

Pili, kuhusu maneno. Hapa sisi walimu wa lugha ndio tuliopaswa kutangulia kuelewa. Kiganda ni lugha ya toni: sauti ikipanda au ikishuka, maana yaweza kugeuka. Kwa hiyo wimbo wa Kiganda hufuata toni za maneno yake, na Mganda asikiapo wimbo anaoujua ukipigwa kwa amadinda bila mwimbaji, huyasikia maneno ndani ya mbao. Mtunzi akilishika jina la marehemu na sifa zake, akazifuata toni zake juu ya piano, nani atasema kwamba ombolezo hilo ni bubu?

Tatu, kuhusu ugeni. Twakiri kwamba ngazi ya Kiganda ina hatua tano zinazokaribia kulingana, na piano haina hatua hizo. Hasara hiyo ni ya kweli. Lakini katika amadinda wapigaji wawili huketi wakielekeana, kila mmoja akijaza nafasi aliyoiacha mwenziwe. Na mikono miwili ya mpiga piano yaweza kujibizana vivyo hivyo. Marehemu Joseph Kyagambiddwa, aliyefariki mwaka 1978, hakuziogopa nota za wageni. Alizitumia kuandika oratorio yake ya Mashahidi wa Uganda mwaka 1964, na ndani yake Uganda ikasikika. Marehemu George Kakoma, aliyefariki mwaka 2012, naye alitutungia wimbo wa taifa wa mwaka 1962. Waliotumia nota walipokuwa hai, kwa nini ziwe haramu kwao baada ya kufa?

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote. Mei 1966 jeshi la serikali liliposhambulia Lubiri ya Mengo, wapigaji wa Kabaka walitawanyika, na muziki uliokaa vichwani mwao ukawa hatarini kupotea pamoja nao. Evaristo Muyinda, aliyefariki mwaka 1993, alifanya kazi kubwa ya kuwafundisha wengine ili usipotee. Je, funzo hilo halijatutosha? Hotuba ya mazikoni huisha jioni ile ile. Ombolezo lililoandikwa hupigwa na mwanafunzi ambaye hakumwona marehemu, na kwa kulipiga hujifunza namna marehemu alivyofikiri.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Watunzi wa Kampala waandike maombolezo ya watangulizi wao, kwa amadinda na kwa piano pia. Shule zenye piano zisiiache ikae kama meza ya kuwekea maua. Ziyafundishe maombolezo hayo. Na chama chetu kichapishe nota katika kurasa hizi, pamoja na maneno ya Kiganda yaliyozizaa na tafsiri yake ya Kiswahili, ili msomaji wa Tanga au Mombasa ajue ni nani anayeliliwa, na kwa nini.

Anayeona kwamba huko ni kuiga wageni, kalamu anayo. Na alete hoja zake. Nasi tu tayari kumjibu.