Historia ya Mji Mdogo Isidharauliwe

Mdharau mwiba mguu huota tende. Katika ufundishaji wa historia, mwiba tunaoudharau ni habari za miji midogo na watu wake. Mwanafunzi hukariri majina ya wafalme na majemadari, kisha huhitimu akiamini kwamba historia hutendeka mbali na kwao, tena kwa mikono ya watu wasiofanana na wazazi wake. Imani hiyo ni potofu, na mji wa Nicodemus, katika jimbo la Kansas nchini Marekani, ni ushahidi tosha.

Mji huo uliasisiwa mwaka wa 1877 katika nyika tambarare ya nyasi, karibu na Mto Solomon. Waasisi wake, miongoni mwao Mzungu W. R. Hill na Mweusi W. H. Smith, waliinadi nchi hiyo kama nchi ya neema kwa watu Weusi wa Kentucky, ambao hawakuwa wametimiza hata miaka kumi na mitano tangu watoke utumwani. Wahamiaji wapatao 300 walipowasili mwezi wa Septemba, hawakuukuta mji waliotangaziwa. Waliotangulia walikuwa wakiishi katika mashimo yaliyochimbwa ardhini. Willianna Hickman, aliyefika mwaka wa 1878, alisimulia baadaye jinsi alivyoonyeshwa moshi ukifuka kutoka ardhini, akaambiwa kuwa huo ndio mji wenyewe. Alilia.

Baadhi yao waligeuza njia. Waliobaki, wakiwa na uhaba wa zana na wanyama wa kukokota plau, walilima kwa mikono. Wazao wao husimulia kwamba katika majira ya baridi ya kwanza Waosage waliokuwa wakitoka mawindoni waliwagawia nyama. Hivyo watu waliosukumwa kutoka nchi yao wenyewe waliwalisha watu waliokuwa wakiitafuta nchi.

Kutoka mashimo hayo waliinuka watu wa sifa. Jenny Fletcher alikuwa miongoni mwa walimu wa mwanzo. Edward McCabe, aliyehamia huko mwaka wa 1878, alichaguliwa mwaka wa 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima, Mweusi wa kwanza kushika wadhifa huo Kansas.

Kisha likaja pigo. Mwaka wa 1888 reli iliyotarajiwa ilipita ng'ambo ya mto, na wafanyabiashara wakaifuata. Kwa kanuni ya dunia, mji uliokosa reli ulistahili kusahauliwa. Nicodemus haukusahauliwa, kwa sababu wazao wake hawakungoja mwanahistoria kutoka mbali. Walitunza picha na masimulizi, na kila mwisho wa Julai hurejea kwao kusherehekea. Mwaka wa 1996 Bunge la Marekani liliutangaza mji huo kuwa eneo la kihistoria la taifa, ingawa wakazi wake ni wachache mno.

Yamkini mwalimu atasema kwamba silabasi imejaa na mtihani unabisha hodi. Ni kweli. Lakini ni wapi mwanafunzi atajifunza kupima ushahidi vizuri kuliko hapa? Matangazo ya waasisi yalisema neema. Mama aliyeshuhudia alisema moshi. Kuyalinganisha maneno hayo mawili, na kuuliza ni nani aliyefaidika kwa kusema hivi au vile, ndiyo kazi yenyewe ya historia.

Basi mwalimu na awatume wanafunzi wake kwa wazee: nani alichimba kisima cha kwanza, nani alifundisha darasa la kwanza, nani aliondoka na kwa nini. Wayaandike majibu, kisha wayalinganishe na hati zilizopo. Kumbukumbu za Nicodemus ziliokolewa na watu waliouliza maswali ya namna hiyo wakati wenye majibu walipokuwa wangali hai.