Nakala ya Mbali Isirudie Makosa ya Karibu

Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, mto Mkondoa ulivunja kingo zake ukaingia mjini Kilosa. Maelfu ya wananchi walikosa makazi, na Reli ya Kati ikakatika. Nyumba hujengwa upya, na reli hutandikwa upya. Lakini mvua iliyonyesha mwaka uliopita haiwezi kupimwa tena. Ndivyo ilivyo pia huko Mikumi, katika wilaya hiyo hiyo, ambako Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1964 na wataalamu wakachunguza nyani tangu miaka ya 1970. Mwenendo wa mnyama ulioandikwa siku fulani, kumbukumbu yake ikipotea, haurudi kushuhudiwa.

Kwa hiyo, kila kituo kinachotunza takwimu katika kompyuta moja hapana budi kiwe na nakala nje ya bonde hilo. Njia mojawapo ni hifadhi ya wingu, yaani kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa intaneti. Wako wanaodai kwamba mtandao wa wilayani hauiwezi kazi hiyo. Dai hilo ni kweli nusu tu. Chukua mfano wa gigabaiti 20 zinazopelekwa kwa kasi ya megabiti moja kwa sekunde: huchukua yapata saa 44. Lakini hiyo ni safari ya kwanza. Programu iitwayo rclone, iliyoanzishwa na Mwingereza Nick Craig-Wood na itolewayo bure, hulinganisha ukubwa na tarehe ya kila faili pande zote mbili, kisha hupeleka yale tu yaliyo mapya au yaliyobadilika. Ikiwa kazi ya wiki ni megabaiti 100, robo saa yatosha. Agizo lenyewe ni mstari mmoja wa maandishi, na kompyuta yaweza kupangiwa ilitekeleze kila usiku.

Hata hivyo, wepesi huo una hatari yake. Agizo la "copy" hupeleka mafaili bila kufuta chochote upande wa pili. Agizo la "sync" hulandanisha: huifanya hifadhi ya mbali ifanane kabisa na folda iliyopo ofisini. Karani akifuta kwa bahati mbaya takwimu za mwaka mzima mchana, usiku "sync" huzifuta huko mbali pia. Wala "copy" si kinga kamili, kwani faili lililoharibika huchukua nafasi ya lile zima.

Ni kosa, basi, kuuita ulandanishaji akiba. Anayeanza na aanze na "copy". Anayetaka "sync" na atangulize jaribio la "--dry-run", linaloonyesha yatakayofutwa kabla hakijafutwa kitu, tena aongeze "--backup-dir", ili mafaili yanayoondolewa au kubadilishwa yahamishiwe folda nyingine badala ya kupotea.

Wakuu wa vituo wasiuachie mtambo jukumu hili. Inafaa mtumishi mmoja ateuliwe, na kila mwezi arudishe mafaili machache kutoka hifadhi ya mbali, ayafungue katika kompyuta nyingine na kuyasoma. Kazi hiyo haizidi saa moja, nayo ifanywe kabla ya masika, si baada ya maji kupungua.