Nyumba ya urithi Mingoyo na deni la ndugu mmoja



Familia moja ya Unguja imetuletea suala ambalo tunadhani linawagusa wengi wa visiwani wenye asili ya Kusini. Baba yao alifariki akaacha nyumba Mingoyo, pale njia ya Mtwara na ya Masasi zinapoachana. Warithi ni kaka mmoja, anayeishi humo na mkewe na watoto, na dada wawili walioolewa Unguja. Mirathi haikugawanywa, kila Idi walisema "tutakaa tulizungumze". Kaka alikopa kwa mfanyabiashara akitegemea korosho, akashindwa kulipa, akashitakiwa Mahakama ya Wilaya na hukumu ikatoka dhidi yake. Sasa tangazo la dalali wa mahakama limebandikwa ukutani, na dada wanauliza kama nyumba yote inaweza kwenda kwa deni wasilolijua.

Kwanza tuondoe dhana moja. Kuuza mali ya mdaiwa si uzushi wa serikali. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliuza mali ya Mu'adh bin Jabal (r.a.) ili wadai wake walipwe, ingawa wanazuoni wana maneno juu ya isnadi yake. Aya ya 280 ya Suratul Baqarah inaamrisha mwenye dhiki apewe muda, lakini mwenye uwezo anayepiga chenga ni dhalimu. Na katika madhehebu ya Imam Shafi'i, tunayoifuata wengi wetu pwani, kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba nyumba ya aliyefilisika huuzwa hata kama anaishi humo. Imam Ahmad ndiye aliyesema aachiwe nyumba asiyoweza kuikosa.

Wengi watashangaa kusikia kuwa sheria ya Bara iko upande wa Imam Ahmad. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, kifungu cha 48, inazuia kukamata nyumba anayoishi mdaiwa na mkewe na watoto wanaomtegemea. Kwa hiyo kaka anayo ngao, lakini lazima aipeleke mwenyewe mbele ya hakimu. Hapa tunamwambia kaka jambo zito kidogo: kama ana mikorosho inayozaa au fedha mahali, asijifiche nyuma ya kifungu hicho. Mfanyabiashara yule naye ana watoto.

Ngao ya dada ni nyingine. Kama warithi ni hao watatu tu, kaka ana nusu na kila dada ana robo. Deni ni la kaka, basi linalipwa kwa nusu yake. Robo za dada hazihusiki, kisheria wala kishari'ah. (Lingekuwa deni la marehemu, mambo yangegeuka: Suratun Nisaa, aya ya 11, inatanguliza wasia na deni kabla ya mgawo.) Dada wapeleke pingamizi katika mahakama ileile iliyokamata nyumba, kabla ya mnada, na waonyeshe haki yao. Mahakama inaweza kukataa kulisikiliza ikiona limecheleweshwa makusudi. Likikataliwa, bado wanaweza kufungua kesi ya kuthibitisha haki yao.

Karatasi ya mgawo kutoka kwa kadhi wa Unguja haitasimamisha mnada wa Lindi. Mali iko Bara, na mirathi ya Kiislamu huko hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Hili lingefanywa miaka ile, leo pingamizi lingekuwa jepesi.

Muda upo, lakini ni mfupi. Mnada wa nyumba haufanyiki mpaka zipite siku 30 tangu tangazo kubandikwa mahakamani, isipokuwa mdaiwa akubali kwa maandishi. Kaka asitie saini karatasi asiyoielewa. Mnada ukishafanyika, mnunuzi hulipa asilimia 25 papo hapo na baki ndani ya siku 15. Mwenye nyumba anaweza kuukomboa kwa kuweka mahakamani deni lililotajwa kwenye tangazo pamoja na asilimia 5 ya bei kwa ajili ya mnunuzi. Au auombe ubatilishwe kwa udanganyifu au kasoro kubwa iliyomtia hasara. Siku ni 30 tu.

Na ikiwa nusu ya kaka itauzwa kweli? Wanaojua shufaa, haki ya mshirika kutangulizwa kununua, watapenda kanuni hii: inapouzwa sehemu ya mali isiyogawanywa, na mshirika na mtu baki wakataja bei sawa, mshirika ndiye anayehesabiwa kuwa mnunuzi. Si shufaa kamili, kwa kuwa mgeni akiongeza shilingi anachukua yeye. Lakini inatosha dada kuwa na sababu ya kusafiri na kusimama pale mnadani.

Yote haya ni kwa deni la kawaida. Nyumba iliyowekwa rehani benki ina njia yake: benki hutoa notisi ya siku 60, kisha inaweza kuuza bila kwenda mahakamani. Ila kwa nyumba ya ndoa, rehani isiyo na ridhaa ya mke haisimami.

Dada wametuambia wanapanda boti wiki hii. Wachukue cheti cha kifo cha baba yao na vyeti vyao vya kuzaliwa.

Wallahu a'lam.