Uzunguni, Uhindini na Ngamiani

Bila shaka umepata kufika Tanga mjini, kama si kwa biashara basi kwa kumpeleka mgonjwa Bombo. Hebu ikumbuke njia yenyewe. Watoka Ngamiani, penye barabara za namba na nyumba za Kiswahili zilizobanana, wavuka reli, waingia katikati ya mji penye maduka na ghorofa za Wahindi, kisha wafuata upande wa bahari mpaka Bombo na Ras Kazone, penye nyumba kubwa zilizoachana, miti ya kivuli na upepo mzuri. Wengi hudhani mji ulijigawa wenyewe hivyo, kila watu wakipenda kukaa na wenzao. Kupenda kulikuwapo, sikatai. Lakini sheria nayo ilikuwapo, na nguvu zake zilikuwa kubwa zaidi.

Wadachi ndio walioanza. Mwaka 1891 walitoa amri ya ujenzi Dar es Salaam, kwamba upande huu zijengwe nyumba za namna hii na upande ule za namna ile. Mwaka 1895 wakatangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya Serikali yao. (Nani aliamua kwamba haina mwenyewe? Wao wenyewe.)

Waingereza walipokuja, walikuwa na shida moja. Tanganyika walipewa waitunze chini ya Shirikisho la Mataifa, na India nayo ilikuwa mwanachama wa Shirikisho hilo. Basi hawakuweza kuandika waziwazi kwamba Mhindi asikae hapa. Wakatumia akili. Kanuni za miji za miaka ya 1920 hazikutaja rangi ya mtu, zilitaja nyumba. Sehemu ya kwanza ya mji: nyumba za kukaa za namna ya Kizungu tu. Ya pili: nyumba za biashara na za kukaa. Ya tatu: nyumba za namna ya wenyeji. Ukisoma kanuni hizo waona habari za kuta na mapaa tu. Lakini niambie, kuli wa bandarini angepata wapi fedha za kujenga nyumba ya mawe yenye bustani?

Tena ubaya haukuishia kwenye kuta, maana kulikuwa na habari ya karatasi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliweka ardhi yote chini ya Gavana, naye aliweza kumpa mtu hati ya miaka hata 99. Hati za muda mrefu ziliendana na masharti ya kujenga nyumba ya gharama. Mwenye nyumba ya miti na udongo katika mitaa ya Waafrika alikaa juu ya kiwanja cha Serikali kwa ruhusa ya muda mfupi, akilipa kodi ya kiwanja. Mwaka huohuo 1923 ikatoka sheria ya kuzuia Waafrika wasikopeshwe, ikakazwa mwaka 1931: asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika bila kibali, hawezi kumdai barazani. Walisema ni kuwalinda watu na wenye maduka wanaokopesha kwa hila. Huenda wengine walisema hivyo kwa moyo safi. Lakini tazama matokeo yake. Mfanyabiashara Mhindi mwenye jengo la mawe aliweza kuliweka rehani benki, akajenga la pili, akapangisha. Mwenye nyumba wa Ngamiani alijenga kwa senti za wapangaji wake: mwaka huu boriti, mwaka ujao bati chache, na choo cha uani kikingoja. Hakuwa mvivu kuliko jirani yake wa ng'ambo ya reli. Alikosa kitu cha kumwonyesha mwenye benki, basi.

Baada ya Uhuru mambo yakageuka. Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa milele uliotoka zama za Wadachi ulifutwa. Aprili 1971 Serikali ikatwaa nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, zikawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Sheria hiyo nayo haikutaja rangi, ilitaja shilingi. Lakini kila mtu alijua nyumba hizo ni za nani. Jamaa wengi wa Kihindi walipoteza akiba ya maisha yao, wengine wakahama nchi. Mimi siwezi kuwacheka. Wala siwezi kusema kwamba mwenye nyumba wa Ngamiani alirudishiwa ile miaka yake.

Utaniuliza, hayo ya mjini yatuhusu nini sisi wa Muheza, Korogwe na Pangani? Yatuhusu, maana mashamba ya mkonge yaliyozunguka vijiji vyetu yalikuwa na hati tangu Wadachi, na shamba la babu halikuwa na karatasi yoyote. Leo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaruhusu mwanakijiji kupata Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Ukienda ofisi ya kijiji, uliza kwanza kama kijiji chenyewe kina cheti cha ardhi, kwa sababu ndicho kinachotangulia. Nawe baba, fomu ikiletwa, jina la mama watoto liandikwe pamoja na lako.