Kioo cha kabati si saiti mira!

Wadau, kuna ugonjwa naukuta kila nikija Mamba, huku Mpimbwe, mkoani Katavi. Saiti mira ikipasuka, fundi anakata kioo cha kabati, anakibandika kwa gundi, na zile nyaya mbili za nyuma anazikata. Ukihoji unajibiwa: "Hiyo hita ni ya theluji za Ulaya, Bongo ya nini?"

Jamani! Hita ile haingoji theluji. Inakausha ukungu na matone kwenye kioo, na mvua za huku hunyesha Novemba hadi Aprili.

Kibaya zaidi, kioo halisi cha gari nyingi za Kijapani kimebinuka kidogo ili kionyeshe eneo pana. Cha kabati ni bapa, kinaonyesha kipande tu. Bodaboda na abiria wake wako ubavuni mwako, huwaoni, unakata kona... Utaiambia nini familia yao?

Na kazi yenyewe si ngumu. Unakiachia kioo taratibu kwenye vibanio vyake, unachomoa nyaya mbili, unazichomeka kwenye kipya, unakikandamiza mpaka usikie "ta!" Basi.

Mtasema vipuri ni ghali na Dar ni mbali. Sawa, agiza usubiri. Ila ukiletewa kioo chenye namba ya gari iliyokwanguliwa, kikatae. Wenye magari huchora namba zao kwa sababu ya wezi, na ukinunua hicho unamlipa mwizi arudi kazini.

Naomba kutoa hoja.