Sambusa, Jiaozi na Wanaume wa Nyumbani

Jamaa zangu wa Louisville, Columbus na Buffalo. Naomba nafasi katika kitabu chetu hiki niseme mawili matatu juu ya jambo lililoleta maneno baina yetu tangu Ramadhani ya 2024, nalo ni habari ya manda za sambusa.

Mtakumbuka baadhi yetu wazee tulisema kwamba sambusa za manda za dukani, na zile zinazokunjwa kwa chapati za Kimeksiko, si sambusa. Mimi nilikuwa mmoja wao, tena wa sauti kubwa. Mkaza mwanangu, ambaye hufanya kazi ghalani zamu ya usiku, alinijibu kwa adabu, "Baba, manda za nyumbani ni saa nne za kusimama. Nani atasimama?" Nilimeza mate, sikuwa na jibu.

Jibu nililipata kwa majirani zetu Wachina, mume na mke wa makamo yangu, ambao tumejuana nao kwa sababu ya wajukuu. Mkesha wa mwaka wao mpya, Januari 2025, walitualika kwenda kutengeneza jiaozi, kile chakula chao cha unga uliofungwa nyama ndani na kuchemshwa. Niliwaambia mapema kwamba hatuli nguruwe. Yule mama akacheka, akasema kwao wako Waislamu wengi, na jiaozi za ng'ombe na kondoo si jambo geni. Basi nyama tukapeleka sisi, kutoka kwa mchinjaji wetu, na mvinyo wa mchele ukaachwa kabatini.

Unga ulikuwa wa ngano na maji tu, hauna samli. Aliukanda mpaka ukawa laini mfano wa ndewe ya sikio, akaufunika kwa kitambaa kibichi nusu saa. Kabichi aliikatakata, akaitia chumvi, kisha akaikamua kwa mikono miwili kama mtu anayekamua nazi, ili maji yasije yakailowesha nyama. Tangawizi, kitunguu cha majani, mafuta ya ufuta. Kila kidonge cha unga husukumwa kiduara, katikati kinene na pembeni chembamba, kwa kuwa pembeni ndipo panapokutana mara mbili wakati wa kufinya. Sisi manda zetu huzisukuma pamoja, moja juu ya moja, na mafuta na unga katikati, tukazichoma kidogo kwenye chuma na kuzibandua zingali moto. Vidole vya mama zetu vinajua.

Lakini kilichonishangaza ni kwamba hakuna aliyesimama. Mume ndiye aliyesukuma, vijana wakafinya, na mtoto wa miaka sita akahesabu. Nami nikapewa kiti na kijiti cha kusukumia. Zangu za kwanza zilipasuka sufuriani, nyama ikaelea, wakacheka mpaka machozi. Ya pili nilitia nyama kidogo, ikasalimika. Maji yakichemka hutiwa kikombe cha maji baridi, mara tatu, ndipo jiaozi huopolewa.

Na mjukuu wangu, ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu "ndiyo" na kukimbia, alikuwa ubavuni pangu akiuliza: Babu, hii inaitwaje? Kukanda. Na hii? Kusukuma, kukunja, kufinya, kuopoa. Alipata kwa saa mbili maneno niliyojaribu kumsomesha kwa ubao mwaka mzima, mimi niliyekula mshahara wa ualimu maisha yangu yote!

Sisi tuliokulia Lamu tumeziona sahani za Kichina zimepangwa katika zidaka za nyumba za kale, na wachimbuzi wamefukua vigae vya Kichina vya tangu karne ya 9 huko Shanga na Manda (Manda kisiwa, si ya sambusa). Vyombo tulivipokea, namna ya kukaa mezani hatukuipokea. Ama sambusa yenyewe, jina lake lina asili ya Kiajemi, na Ibn Battuta katika karne ya 14 aliikuta Delhi imejazwa nyama, lozi na fustuki. Tunapogombania sambusa ya asili, tunagombania ya nani?

Kwa hiyo naondoa nusu ya maneno yangu. Mama aliye peke yake jikoni na anunue manda za dukani, wala asiwepo wa kufungua kinywa. Lakini mara moja kwa mwaka tuzifanye wenyewe tangu unga, na wanaume tukae chini tusukume. Wako ndugu watakaosema jiko si mahali pa mwanamume. Hao niwaulize, pilau ya arusi kule kwetu hupikwa na nani? Na sisi tuliosoma chuoni tunajua vyema kwamba Mtume (S.A.W.) aliwahudumia watu wa nyumbani kwake.

Columbus iko katikati; wa Louisville ni mwendo wa saa tatu na nusu, wa Buffalo saa tano, theluji ya ziwani ikiwaruhusu. Basi Jumamosi ya mwisho ya Shaabani ijayo, inshallah, iwe kwetu. Wa Buffalo waje na chuma chao kizito, maana chetu kimepinda. Na vijana wa kiume waje wamekata kucha.