Mwenye kisukari akiomba soda, mpe

Wasee, kuna swali moja tunafaa kuacha kuuliza: "Si wewe uko na sukari? Soda ni ya nini?" Anayeuliza huona anasaidia. Kumbe kuna siku swali hilo linaweza kuua mtu.

Tumefunzwa nusu ya stori, ati mwenye kisukari na sukari ni maadui, basi. Lakini anayejidunga insulini, ama anayemeza aina fulani za dawa, sukari yake inaweza pia kushuka ghafla. Amechelewa kula, amekwama kwa jam Thika Road, ama amecheza mpira kuliko kawaida, na insulini bado inafanya kazi ndani. Anaanza kutetemeka, jasho linamtoka, maneno yanachanganyika. Konda anadhani ni mlevi.

Mashine ikisoma chini ya 4, anahitaji kama gramu 15 za sukari ya kuingia haraka: nusu ya chupa ya soda ya 300 ml, ama vijiko vinne vya chai vya sukari kwa maji. Baada ya dakika 15 apime tena. Soda ya zero haimsaidii hata kidogo. Chokoleti nayo huchelewa juu ya mafuta yake. Na akizimia usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa. Mkimbize hospitali.

Sasa msinirushie mawe, sisemi soda iwe ya kila lunch. Chupa ya Coke ya 500 ml iko na zaidi ya gramu 50 za sukari. WHO inataka mtu mzima abaki chini ya karibu gramu 50 kwa siku nzima, hata kama hana kisukari. Na hesabu hiyo inashika juisi na asali pia. Wale wa "weka asali, ni ya asili", damu haijui nyuki.

Chenye huniudhi ni hiki: kwa harusi, mtu huyo huyo akikataa soda tunamwambia "moja tu, usituaibishe" mpaka anakunywa. Halafu siku anatetemeka na kuiomba, tunamhubiria. Yeye ndiye hupima damu yake kila siku, si sisi.

Kama uko na beshte anayejidunga, muulize leo mahali anaweka glukosi yake. Akikuonyesha mfuko wa bag, kumbuka ni upi.